Kampuni ya taa ilisema tuwe na subira, nikaenda Kakuma na kiti changu

Wakuu, ejok.

Hiyo ni salamu ya kwetu Turkana. Ukijibu "ejok-noi" karibu tukae. Ukinyamaza nitajua wewe ni wa customer care.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma nyuzi za watu, nacheka peke yangu, nalala. Lakini jana nimeona mkuu mmoja analia kuhusu simu mpya aliyoilipia kabla haijafika madukani, na mpaka leo anaambiwa iko njiani. Nikasema hapana, hii yangu lazima niiandike.

Ni kweli tupu. Mke wangu amekaa hapa pembeni na ameahidi kunikosoa nikiongeza chumvi. Tayari amenikosoa kwenye salamu.

Kwanza mnijue.

Mimi ni fundi wa nguo, naishi Kanamkemer hapa Lodwar. Nilimaliza Form Four na alama za kunitosha kusoma karatasi ya dawa na kukosana na makarani. Cherehani yangu iko ndani ya nyumba. Hapo ndipo ninapofanya kazi, ninapokula, ninapolala, na Mungu akipenda hapo ndipo watakaponitolea nikiwa kwenye sanduku.

Sipendi kutoka. Kwetu hadi mjini ni boda moja tu, lakini nikirudi huwa nimechoka kama mtu aliyetembea kutoka Kitale. Wenzangu wameenda Kalokol kwa samaki, wengine wamekimbilia Lokichar tangu waliposikia kuna mafuta chini ya mchanga. Mimi nipo. Shemeji yangu husema nikipotea wasisumbue polisi, wainue tu mkeka.

Sasa shida yangu ilikuwa mwanga.

Nguzo ya mwisho ya stima iko karibu na kwangu kiasi kwamba naiona na yenyewe inaniona, lakini hatujawahi kusalimiana. Na mchana hapa hakushoneki. Ndani ya mabati jasho linadondokea kitambaa linaacha ramani. Ukitoa cherehani nje, upepo unakuletea mchanga wote wa Turkana uweke kwenye mshono. Kwa hiyo nashona jioni jua likishuka, na alfajiri kabla halijaamka. Na taa yangu ilikuwa koroboi, kile kikopo chenye utambi na mafuta ya taa.

Mwisho wa 2012 nilipata kazi ya maana: sare za shule ya msingi. Mashati meupe.

Meupe, wakuu. Na mimi na koroboi.

Nilipeleka machache ya kwanza kwa Madam, mwalimu mkuu. Akachukua moja, akageuza kola, akanusa.

"Fundi, hili shati umelishona au umelichoma?"

Masizi yalikuwa yamekaa kwenye kola kama yamelipiwa. Madam si mtu mbaya. Akasema shule zikifunguliwa Januari anataka mashati yote safi, la sivyo atachukua kitambaa chake ampelekee fundi wa mjini.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Akai. Hakuhuzunika kama nilivyotarajia.

"Basi utaenda kushonea kwa Ewoi," akasema. "Kibanda chake kina stima."

Ewoi ni kaka yake. Ndiye shemeji wa mkeka. Ni kinyozi mjini, anaongea kuanzia anapofungua mpaka anapofunga, na kwa vile uchaguzi ulikuwa unakaribia, alikuwa na maoni kuhusu kila mgombea wa kila kiti. Mimi nikae na Ewoi kutwa nzima kwenye kibanda kimoja? Afadhali jela. Jela angalau kuna saa ya kunyamaza.

Kwa hiyo muelewe vizuri kilichokuwa mezani. Watu watadhani nilitaka taa. Mimi nilikuwa napigania kubaki nyumbani kwangu.

Ndipo ikaja kampuni.

Ilikuja na pickup yenye spika, ikaegesha mjini pale penye watu, ikafanya uzinduzi. Kijana anacheza juu ya gari na jua lote lile hadi tukamwonea huruma. Fulana za manjano zinarushwa, zina picha ya jua limevaa miwani. Bidhaa yenyewe ilikuwa sola ndogo ya nyumbani: paneli moja, balbu mbili, na mahali pa kuchaji simu. Wakaiwasha ndani ya hema jeusi, tukaingia kwa zamu kama wanaokwenda kuona maiti. Mwanga mweupe! Nikatoa uzi mfukoni (fundi hatembei bila uzi) nikaupitisha kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu.

Nikasema hii ni yangu.

Meneja wa eneo anaitwa Losike. Mturkana mwenzetu, shati limepigwa pasi, Kiingereza kimepigwa pasi zaidi. Akatangaza kwamba zilizokuja ni za maonyesho tu, ila anayelipa pesa yote leo atapata yake ndani ya wiki mbili, kabla ya watu wa Kitale, kabla ya Nairobi yenyewe. Turkana kwanza!

Nyinyi wa Nairobi hamjui maneno hayo yanatufanya nini. Sisi magazeti yenyewe hutufikia yakiwa historia. Mtu akikwambia utatangulia kupata kitu, akili inatoka inaenda kununua soda. Tulilipa. Mimi nililipa, Katekista wa kanisa letu akalipa, mama muuza samaki jirani yangu akalipa, nusu ya Kanamkemer ikalipa. Tulirudi nyumbani na risiti na fulana. Fulana yangu ilinibana tumbo, ila nilivaa.

Wiki mbili zikapita. Kimya.

Nikapiga simu. Wakasema mvua imenyesha juu huko, mto umejaa, lori limekwama. Sawa, mito yetu tunaijua, hukauka mwaka mzima halafu siku unayosubiri kitu ndiyo inakumbuka kazi.

Nikapiga tena baadaye. Wakasema mzigo bado uko melini.

Nikauliza, "Sasa lile lililokwama mtoni lilikuwa limebeba nini?"

Dada wa customer care akasema niendelee kushikilia laini. Wakapiga muziki. Nilishikilia mpaka simu ikazima chaji, na simu yenyewe naichajia mjini kwa Ewoi, kwa sababu taa ya kuchajia simu ndiyo hiyo ninayoiulizia. Mnaona mduara?

Halafu zikaanza meseji. "Mteja mpendwa, oda yako inashughulikiwa. Tunakushukuru kwa subira yako." Meseji hiyo ilikuja kila baada ya siku chache, ileile, haijaongezwa hata nukta. Subira ipi wananishukuru? Nani alionja subira yangu akaiona tamu?

Januari ilikuwa inakuja na mimi nina kitambaa cheupe kimekunjwa chini ya kitanda.

Sasa aingie Mama Achol.

Mama Achol ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, ana duka ndani ya kambi ya Kakuma, na huja Lodwar kuchukua bidhaa. Kanisa lao lilikuwa limenipa kazi ya majoho ya kwaya ya Krismasi. Alikuja jioni kuyachukua akanikuta nimeinamia koroboi, pua nyeusi ndani na nje.

"Fundi," akasema, "kwa nini unajiua na hii moshi? Taa ya sola iko Kakuma. Mimi mwenyewe nauza."

Nikacheka. Nikamwambia hizo lazima ni zingine, zetu bado ziko baharini.

"Bahari gani? Iko na picha ya jua amevaa miwani."

Wakuu, mguu wangu ulisimama juu ya pedali.

Akaeleza polepole, kwa sababu aliona uso wangu. Store ya Losike iko Kakuma, maboksi yamefika dari, anauzia wenye maduka kwa bei ya juu kuliko tuliyolipa sisi. Yeye alinunua machache akiamini ni biashara ya kawaida. "Sikujua ni ya watu," akasema, na alikuwa ameudhika kweli. "Kalas, sinunui kwake tena."

Sasa wale msiojua ramani ya kwetu, tulieni nieleze. Barabara ni moja. Lori likitoka Kitale linakuja Lodwar, ndipo liendelee Kakuma. Hakuna njia nyingine, labda kama dereva ana mabawa. Maana yake ni kwamba taa zetu zilipita Lodwar. Zilipita hapa, mchana kweupe, na hazikusalimia mtu!

Nilipiga kelele kidogo. Akai anasema si kidogo. Nikasema nitaandika kwa magazeti, nitaenda kwa chifu, nitamwambia Losike hivi na vile. Akai ananiangalia tu, anachekecha unga. Mwisho akasema:

"Baba Ekiru, wewe unajua kugombana?"

"Hapana."

"Unajua sheria?"

"Hapana."

"Unajua kufanya nini?"

Nikaokota uzi sakafuni.

"Unajua kukaa," akasema. "Chukua kiti uende ukakae kwake."

Naomba nieleze hapa kwa wageni wa uzi.

Kwetu mtu akiwa na kitu chako, tuseme mbuzi uliyeahidiwa, humpigii simu. Unabeba ekicholong, kile kiti kidogo cha mti ambacho wazee wetu hukalia mchana na kulazia kichwa usiku, unaenda bomani kwake. Unasalimia. Unakaa. Hugombani na mtu. Yeye analazimika kukupa chai na chakula kwa sababu umekuwa mgeni wake, na kila anayepita anakuuliza umekuja kwa nini, na wewe unamwambia. Basi. Mnaendelea hivyo mpaka mmoja wenu achoke. Babu zetu waliondoka na ng'ombe kwa njia hii bila kuinua sauti.

Na kipaji changu pekee duniani ni kipi?

Ekicholong ya marehemu baba ilikuwepo nyumbani, nilikuwa naiwekea pasi ya makaa. Nikaifuta jivu. Nikanunua tumbaku ya kutafuna. Asubuhi nikapanda pickup ya kwenda Kakuma, mimi, mtu ambaye kwenda kwa Ewoi kunahitaji maombi. Majirani walitoka nje kunitazama. Katekista akaniombea kwa sauti kama ninaenda vitani. Mama muuza samaki akasema, "Mwangalieni vizuri, hatutamwona tena akitembea."

Kakuma nilienda kwanza ofisini kwake, kwa heshima. Losike akanipokea na tabasamu. Nikamweleza. Akajibu kwa Kiingereza kirefu kuhusu system, na allocation, na Head Office. Kwamba mzigo wa Kakuma ni wa Kakuma, wa Lodwar utakuja kivyake. Na hata angetaka kutusaidia, hakuna usafiri wa kurudisha maboksi Lodwar.

"Pitia customer care, Fundi. There is a process."

Nikamshukuru. Nikatoka. Nikauliza watu kwake ni wapi.

Nyumba yake ni nzuri, mabati mapya, ua wa miti ya miiba wa zamani. Mama yake mzazi alikuwa kivulini anasafisha kibuyu cha maziwa. Mama mzee, shanga zimejaa shingo mpaka kidevu.

"Ejok, Mama."

"Ejok-noi."

Nikampa tumbaku. Akainusa, akaipokea, akaweka kidogo shavuni. Wakuu, hapo Losike alikuwa ameshashindwa na bado yuko ofisini anasaini vitu. Mzee wa kwetu akipokea tumbaku yako, amekubali kukusikiliza. Losike alikuwa amemzoesha mama yake mambo yote ya mjini, kasoro kukataa tumbaku.

Nikaweka kiti chini. Nikakaa.

Mama akakiangalia kiti kabla ya kuniangalia mimi. "Umekuja kwa amani?"

"Kwa amani, Mama. Nimekuja kwa kitu changu. Kiko na mtoto wako."

Hakuuliza zaidi. Akaita mke wa Losike alete chai.

Losike alirudi kula chakula cha mchana akanikuta nakula chakula chake. Alisimama kwenye lango kama mtu aliyekosea nyumba.

"Fundi! This is a private residence!"

"Anasema nini?" mama yake akaniuliza kwa Kiturkana.

"Anasema karibu."

Akanivuta pembeni, akaniambia namwaibisha, haya mambo ya kizamani, yeye ni mtu wa kampuni. Nikamwambia mimi sijasema neno. Na ilikuwa kweli. Waliosema ni wapita njia.

Maana walipita! Mzee wa kwanza akachungulia kwenye ua: "Ejok! Unadai nini?" Nikamweleza. Akaenda akarudi na kiti chake. Akaja wa pili. Mkisikia Mturkana anadai kitu kwa Mturkana mwenye shati la pasi, nani anabaki nyumbani? Jioni tulikuwa duara la viti, kesi inaelezwa upya kila anapofika mgeni, na kila mgeni anapewa chai. Sikuwa na haja ya kueleza tena, wazee walikuwa wanaieleza vizuri kuliko mimi. Mmoja alikuwa ameshaongeza ng'ombe ndani.

Mke wa Losike akatoka akasema sukari imeisha.

Usiku nililaza kichwa kwenye kiti. Nisidanganye, shingo iliuma vibaya na nililia kitanda changu. Sio machozi. Kwa ndani.

Asubuhi Losike akatoka amebeba boksi moja. Jipya. Jua lenye miwani linanichekea.

"Chukua yako, Fundi. Nenda. Tumemalizana."

Nililishika. Wakuu, nitasema ukweli niliowaahidi: mwili wote ulisema twende. Nikawaza kitanda, cherehani, mashati meupe, Ewoi akiongea peke yake na kuta zake. Nikaomba dakika moja nimpigie Akai habari njema.

"Ni moja?" akauliza.

"Moja. Yetu!"

"Usije nayo hapa."

"Kwa nini?"

"Baba Ekiru, Kanamkemer nzima inajua umeenda. Katekista amepita hapa tangu asubuhi sijui mara ngapi. Ukishuka na taa moja, kesho watakuja na viti vyao kukaa kwetu. Chai ya watu wote hao nipike mimi?"

Simu ikazima chaji. Nikaona picha: mama muuza samaki, Katekista, wote, duara zima, mlangoni pangu. Nyumbani kwangu! Mahali pekee duniani pasipo na watu!

Nikarudi nikaweka boksi chini mbele ya Losike. Nikakaa.

"Bado," nikasema.

"Bado nini? Si hiyo taa yako?"

"Bado za Lodwar."

Pale ndipo alipokasirika kweli. Akasema kwa Kiturkana, ili wazee wote wasikie, kwamba taa si zake, ni za kampuni, yeye ni mtumishi tu, hana uwezo, lawama ziende kampuni.

Mama yake akaacha kutafuna.

"Hizo taa ni za kampuni?"

"Ndiyo, Mama."

"Na pesa za watu alichukua nani?"

"Kampuni."

"Haya. Boma la kampuni liko wapi? Huyu mgeni tumwonyeshe njia aende akakae huko."

Head Office iko ghorofani huko Nairobi, na mwenye kampuni yenyewe, nadhani, hata yeye Losike hakuwahi kumwona. Akaangalia wazee. Wazee wanamngoja awaelekeze. Mmoja alikuwa ameshainuka na kiti chake mkononi, yuko tayari kwenda huko kampuni iishiko.

"Haina boma," Losike akasema, taratibu.

"Kitu kisicho na boma kinachukuaje pesa za watu?" mama akauliza. Akatema tumbaku pembeni. "Basi kampuni ni wewe. Mpe huyu vitu vya watu, sukari yangu imeisha."

Losike bado alikuwa na risasi moja: usafiri. Hakuna gari la kubeba mzigo kwenda Lodwar, alisema, lazima aombe Head Office, itachukua muda.

Aliyenijibia ni Mama Achol, ambaye alikuwa amesikia habari mpaka ndani ya kambi akaja kuona. Alisimama langoni na kanga yake, akacheka kwa nguvu.

"Usafiri? Lori zinaleta chakula cha kambi kila siku, zinarudi Lodwar tupu! Dereva anabeba hata mbuzi wa mtu. Mimi bidhaa yangu inakuja na lori, ninawajua. Ngoja."

Akaenda. Akarudi na dereva mwenye usingizi na lori tupu kama tumbo langu kabla ya Krismasi. Wazee walisaidia kupakia. Losike mwenyewe alibeba, shati likapata mikunjo, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Mama yake alinipa kibuyu kidogo cha maziwa ya njiani. Akaniambia nimwambie fundi aliyechonga ekicholong yangu kwamba kazi yake ni nzuri. Nikamwambia ni ya marehemu baba. Akaigusa tu, akarudi kivulini.

Lodwar tulishushia maboksi kwangu, kwa sababu nani mwingine yuko nyumbani kila wakati? Usiulize hiyo jioni ilikuwaje. Nyumba ilijaa watu waliokuwa wanapiga vigelegele na kukanyaga kitambaa changu. Ewoi alikuja akahutubia.

Maboksi hayakutosha. Mengine yalikuwa yameshauzwa madukani huko kambini, na ukweli ni kwamba hata kama Losike angekuwa malaika, kampuni ilileta machache kuliko ilivyouza. Walilipisha watu taa ambazo hazijatengenezwa. Katekista alikuwa kati ya waliokosa. Alisimama pale mikono mitupu, anatabasamu kikristo, na mimi nikajua kesho atakuja kwangu kuomboleza.

Nikampa ekicholong.

"Hii hapa, Katekista. Nyumba ina ua wa miiba na mabati mapya. Beba tumbaku. Mama yake anapenda kali."

Alirudi baada ya siku chache, na taa, na amenenepa. Akampokeza kiti aliyefuata. Nasikia Losike alipomwona wa tatu anashuka na kile kiti, alilipia taa kwa pesa yake mwenyewe kutoka duka la kambi, hata chai hakungoja ichemke.

Mashati? Niliyashona yote. Shule zilipofunguliwa Madam aligeuza kola moja baada ya nyingine, akanusa, hakupata pa kuanzia kulalamika. Akaniagiza kaptula. Kwa Ewoi naenda kunyoa tu, na hata hiyo naahirisha.

Kuna wakuu watasema humu kwamba si vizuri kumfuata mtu kwake, kuna njia rasmi. Nawasikia. Mimi njia rasmi niliipigia simu mpaka chaji ikaisha, nikapigiwa muziki. Aliyechukua pesa yako ana jina, ana mlango, na ana mama. Ukimtafuta "kampuni" hutampata kamwe, na ndivyo anavyotaka. Mtafute mwenye mlango. Usimtukane, usimguse, usivunje kitu. Kaa tu. Wanaogopa mtu anayekaa kuliko mtu anayepiga kelele, kwa sababu mpiga kelele atachoka jioni arudi kwake.

Sasa wewe uliyelipia simu: huyo anayekwambia iko njiani anaishi wapi? Na wengine mliowahi kulipia kitu hewa, mwageni hapa tuone kama kuna aliyekipata na kwa njia gani. Wa customer care pia mnakaribishwa, leteni chai.

La mwisho, halafu Akai anataka taa yake.

Wiki moja baada ya mambo yote hayo nilikuwa nashona, balbu inawaka kichwani, simu inachaji pembeni. Ikaingia meseji. Mnaijua tayari. "Mteja mpendwa, oda yako inashughulikiwa. Tunakushukuru kwa subira yako."

Nikasimamisha cherehani. Nikajibu:

"Subira sina. Kiti ninacho."

Hawajawahi kunitumia nyingine.